Boxer 150 katika joto: kutoka foleni ya Ubungo hadi mlima Kitonga

Nimeitumia pikipiki ya Bajaj Boxer 150 kwa miaka miwili, siku nyingi katika foleni za Barabara ya Morogoro na mara nne kwa safari ya Iringa, na ninachokitathmini hapa ni namna injini yake inavyostahimili joto. Injini hiyo ya silinda moja, yenye ujazo wa cc 144.8, haina rejeta ya kuipoza kwa maji. Hupozwa na upepo unaopita kati ya mapezi ya silinda (yale mabamba membamba ya chuma yanayoizunguka), ikisaidiwa na oili inayozunguka ndani. Hakuna mpira wa maji wa kupasuka wala pampu ya maji ya kufa, na hiyo ni faida kubwa ukiwa mbali na fundi, lakini pikipiki ikisimama, upepo nao umekwisha.

Ubungo mwezi Februari hulidhihirisha hilo. Baada ya dakika kumi na tano za kusogea hatua kwa hatua, gia huwa ngumu, nyutro haipatikani, na joto hupanda hadi mapajani. Dashibodi haina kipimo cha joto, kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote, kwa hiyo dereva hubaki kukisia kwa sikio na kwa mguu. Mimi huzima injini kila foleni inapoganda.

Mlima Kitonga, ulio njiani kwenda Iringa, ni mtihani wa aina nyingine. Unatoka Ruaha Mbuyuni, penye joto kali, kisha unaanza kupanda kona baada ya kona nyuma ya malori yanayotambaa. Injini inazunguka kwa nguvu katika gia ndogo, ilhali mwendo ni mdogo na upepo ni haba. Safari ya kwanza, nikiwa na abiria na begi zito, nguvu zilipungua na nikasikia injini ikigonga, ikabidi tupumzike kivulini zaidi ya nusu saa. Safari nyingine tatu nilipanda alfajiri, peke yangu, na sikuona dalili yoyote.

Hata hivyo, si haki kuitwika pikipiki lawama yote. Kabla ya safari ile ya kwanza, muuza vipuri mmoja aliniuzia oili ya gari akisema kwamba oili ni oili. Klachi ya Boxer huogelea katika oili hiyo hiyo ya injini, na oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo huweza kuifanya iteleze. Klachi inayoteleza hula nguvu na kuzigeuza kuwa joto. Sasa natumia oili ya 20W-50 (namba za uzito wake) yenye alama ya JASO MA, yaani inayofaa pikipiki zenye klachi ya aina hii, na naibadilisha kila kilomita 2,000. Nimeondoa pia turubai nililokuwa nimelifunga kwenye bampa kuzuia matope (lilizuia matope kweli, na upepo pia), na mapezi nayasugua kwa brashi injini ikiwa imepoa, kwa kuwa maji ya baridi juu ya chuma cha moto huweza kukipinda au kukipasua.

Kwa bodaboda wa mjini na msafiri asiye na haraka, naipendekeza bila wasiwasi. Anayepandisha magunia ya vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kila siku, mchana, ningemshauri atafute yenye rejeta, hata kama bei yake itamuuma.