Rege bila besi: jinsi tulivyoharibiwa ziara ya albamu mpya hapa Lubumbashi

Nilisubiri hasira ipoe kabla ya kuandika, nayo haikupoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo. Bendi ya rege iliyovuka mpaka wa Kasumbalesa, kati yetu na Zambia, siku si nyingi zilizopita, baridi yetu ikiwa kali, ilikuja kututambulishia albamu yake mpya. Ilistahili kusikika vizuri, na sisi tuliolipa tulistahili kuisikia. Lakini kati yake na sisi alikaa kijana mmoja wa sono, yaani fundi wa mitambo ya sauti, mwenye kofia nyekundu na dharau nyingi, ambaye alikwisha kuamua kwamba besi si kitu cha lazima. Jina la bendi silitaji kwa sababu ubaya haukutoka kwake, na la mwandalizi silitaji kwa sababu sitaki kumtangaza bure.

Ili mnielewe ni lazima mjue kwamba rege ya jukwaani haipiti kwetu kila mwaka. Wengi wetu tulikua na Lucky Dube, mwimbaji wa rege wa Afrika Kusini, katika baa za Kenya na Katuba, mitaa ya mji wetu huu, tukamlilia alipouawa Johannesburg mwezi wa Oktoba 2007, na hadi leo nyimbo zake hutulipukia kutoka kwenye kaseti zilizogeuzwa kuwa mafaili ya simu. Alpha Blondy wa Ivory Coast tunamjua kwa sauti kuliko kwa sura. Tiken Jah Fakoly, mwanarege mwenzake wa huko huko, alifika Kinshasa mwaka 2015, akazuiwa pale pale uwanja wa ndege wa N'djili na kurudishwa alikotoka bila kupiga hata wimbo mmoja. Basi mtu anaposikia kwamba bendi nzima, yenye wapiga tarumbeta na waitikiaji, imefunga safari ya kupeleka albamu mpya kutoka mji hadi mji, na kwamba Lubumbashi imo katika safari hiyo pamoja na Likasi na Kolwezi, haulizi bei mara mbili. Nililipa dola kumi za kusimama. Waliokaa kwenye meza za mbele walilipa hamsini, na nitarudi kwao.

Kuchelewa kuanza sitakuzungumzia. Anayelalamika kwa ajili ya saa katika tamasha la Lubumbashi ni mgeni. Michopo, nyama zetu za kuchoma, nje ilikuwa mizuri, foleni ilikwenda kwa utaratibu, na bendi ilipopanda jukwaani ilipanda ikiwa imejiandaa: mashati yamepigwa pasi, vyombo vimelinganishwa, mwimbaji akatusalimu kwa Kibemba, na nusu ya ukumbi ikamjibu kwa Kibemba. Wimbo wa kwanza ulikuwa ule unaofungua albamu. Mpiga ngoma akahesabu, gitaa likaanza kukata, kinanda kikaingia, nami nikafumba macho kuisubiri besi. Sikuipata. Nikafumbua macho, nikamwona mpiga besi waziwazi, mtu mrefu asiyetikisika, vidole vyake vikitembea juu ya nyuzi kwa utulivu mkubwa. Kinachotoka kwenye spika kikawa ni kukwaruza kwa gitaa, sauti kali ya matoazi, na mwimbaji anayelia juu kabisa. Ilikuwa kama kusikiliza simu ya jirani ndani ya basi.

Huenda msomaji anayependa rumba akaona naiongezea chumvi, maana katika muziki wetu gitaa likisikika mambo yamekwisha. Katika rege mambo yako kinyume. Gitaa halisimulii kitu, linakata tu vipande vifupi kati ya mapigo, na ngoma nayo, katika mtindo unaoitwa one drop, huacha pigo la kwanza wazi na kutua kwa nguvu kwenye la tatu. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo makazi ya besi. Besi ndiyo inayobeba wimbo wenyewe. Mwimbaji anatembea juu yake. Aston Barrett, yule aliyeitwa Family Man, mpiga besi wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, aliyefariki mwezi wa Februari 2024, aliijenga kazi hiyo pamoja na ndugu yake Carlton kwenye ngoma, na mtu yeyote aliyewahi kuimba nyimbo zao bafuni anajua kwamba mara nyingi anachokiimba ni mstari wa besi. Ondoa besi, na albamu mpya ambayo watu wameitunga kwa muda mrefu inageuka orodha ya kelele zinazofanana. Nyimbo za mwanzo zilipita hivyo. Sikuweza kuzitofautisha, na mimi nimepiga besi katika kwaya ya parokia yetu tangu ujana wangu.

Basi nikaenda kwenye meza ya sauti, iliyowekwa nyuma karibu na mlango. Sikwenda na ugomvi. Nilingoja wimbo uishe, nikainama, nikamwambia kijana yule kwa sauti ya mtu anayeomba maji: «Mudogo wangu, besi haisikiki kabisa huku nyuma.» Hakugeuza kichwa. Nikarudia. Safari hii aliniangalia kuanzia viatu hadi mvi, akavuta kofia, akasema: «Papa, ni miye njo niko natumika hapa, haiko weye. Kama unapenda besi, rudia kwako ukafungule redio yako.» Wenzake wawili wakacheka. Mmoja wao alikuwa ameshika chupa ya bia ya Simba, akainyanyua kana kwamba ananitakia heri.

Nimetukanwa maishani, sikatai. Huyu, hata hivyo, alinitukana kwa pesa zangu, mbele ya watoto walio rika la wajukuu wangu, kwa kosa la kutaka kusikia kilichoandikwa kwenye tangazo. Tangu pale sikuona tena kitu chochote kwa macho mazuri. Taa zikaniudhi. Moshi wa jukwaani ukaniudhi. Hata wale waitikiaji watatu wenye vilemba vya rangi, ambao baadaye nilikuja kuwapenda, niliwaona wanacheza kupita kiasi.

Sababu yenyewe nilielezwa na kijana mwingine, mbeba nyaya, aliyenifuata nje akiniomba radhi kwa niaba ya mwenzake. Umeme wa mji ulikuwa umekatwa tangu mchana, na shughuli yote ilikuwa inaendeshwa na jenereta moja. Sauti nzito ndizo zinazokula umeme mwingi: uzi wa chini kabisa wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na kuisukuma hewa kiasi hicho kunahitaji spika kubwa na amplifaya zake zenye tamaa. Kila walipoziwasha, jenereta iliyumba. Wakazizima. Spika kubwa nne zilizopangwa chini ya jukwaa, ambazo sisi tulizitazama kwa matumaini usiku kucha, zilikuwa mapambo. Hadi hapo ningeweza kusamehe, kwa sababu jenereta haina adabu wala utovu wa adabu. Nikamwuliza kwa nini hawakupunguza kitu kingine. Akasita, kisha akaniambia kwamba jenereta hiyo hiyo ndiyo iliyobeba friji za vinywaji vya meza za mbele, na mwandalizi alikataa zisizimwe.

Friji! Katika baridi yetu ya katikati ya mwaka, usiku ambao watu walikuja na makoti na wanawake wamejifunga vitenge viwili viwili! Chupa ukiiweka sakafuni kwa muda mfupi inapoa yenyewe. Besi ilitolewa sadaka ili bia ya dola hamsini ibaki baridi kuliko baridi ya Katanga. Na meza hizo, nimesema nitarudi kwao, zilipangwa kati ya jukwaa na sisi tuliosimama, kwa hiyo waliokuwa karibu na muziki ni watu waliokuwa wamekaa wakipiga picha za chupa zao, na waliotaka kucheza walirundikwa nyuma yao.

Nikitafakari kwa haki, naona pia kwamba mafundi wetu wa sono wamezoea kazi mbili tu. Ya kwanza ni sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza katika rumba, ambapo magitaa ya solo na misolo lazima yakate masikio. Ya pili ni kanisa, ambapo sauti ya mchungaji lazima ifike hadi barabarani. Mji huu una historia ya gitaa, wala siionei haya: Mwenda wa Bayeke alilipigia upande huu wa nchi, kwa vidole viwili, na dunia ikaja kumrekodi. Labda ndiyo maana fundi wetu akisikia gitaa linalia anaamini kazi imekamilika. Hilo naweza kumvumilia. Ila kutojua ni jambo moja, na kumfukuza anayekueleza ni jambo jingine, na yule kijana alijua vizuri kabisa kwamba spika zimezimwa. Alijua, akanituma kwenye redio.

Nilikuwa nimekwisha kuvaa koti niondoke wakati taa za barabarani zilipowaka. Umeme wa mji ulikuwa umerudi. Mbeba nyaya alinipita akikimbia, na kabla ya wimbo uliokuwa unapigwa haujaisha, sakafu chini ya viatu vyangu ilianza kunguruma.

Sijui niandike nini kuhusu nusu saa iliyofuata bila kuharibu shauri langu. Mwimbaji aliisikia pia. Akausimamisha wimbo katikati, akageuka kumtazama yule mrefu wa besi, akacheka, kisha akatuambia kwa Kibemba kwamba wataanza upya, na bendi ikarudi hadi wimbo wa kwanza wa albamu kana kwamba yote yaliyotangulia yalikuwa majaribio. Ulikuwa wimbo mwingine kabisa! Besi iliingia baada ya kuchelewa kidogo, noti tatu za chini na kimya, noti tatu na kimya, na ndani ya kimya kile nikasikia kwa mara ya kwanza alichokuwa anafanya mpiga kinanda kwa mkono wa kushoto. Maneno niliyodhani ni ya mapenzi yalikuwa yanamhusu baba anayesubiri malipo ya mgodi. Trombone, ambayo mwanzoni ilisikika ikilalamika peke yake, ilikuwa inaijibu besi sentensi kwa sentensi. Mama mmoja muuza karanga aliingia kutoka nje na beseni lake kichwani akacheza bila kulishika. Wale wa meza za mbele wakasimama, na waliposimama tukapita.

Kama wangenipa karatasi ya maksi dakika ile, ningewapa zote. Ningesema kwamba hiyo ni albamu bora ya rege niliyoisikia ikipigwa hai, na ningeongeza, kwa kuwa ni kweli, kwamba mpiga besi yule hakuonyesha hasira hata mara moja katika muda wote aliokuwa akipiga bila kusikika. Aliendelea kupiga kila noti kwa uangalifu ule ule. Naye kijana wa sono? Alikuwa anatikisa kichwa na kukunja mikono kifuani, kana kwamba yeye ndiye aliyeileta.

Na hapo ndipo hukumu yangu inarudi nyuma tena, maana tamasha la kutambulisha albamu linapaswa kumalizikia mezani, mtu anunue albamu. Ilikuwa inauzwa ndani ya flashi, dola kumi, pembeni mwa mlango. Nikatoa noti yangu ya ishirini kwa furaha ambayo sikuwa nayo tangu jioni. Binti muuzaji akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akaipitisha ukucha ukingoni, akanirudishia. «Papa, imepasuka.» Mpasuko wenyewe ulikuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Nikamwonyesha kwamba namba ziko zima na sura iko zima. Akasema mwandalizi amekataza. Faranga hakutaka. Noti ile ile niliitumia kesho yake bila mtu kuuliza. Jioni ile mwandalizi alipokea dola zetu zote mlangoni bila kuzimulika, lakini za kuwalipa wanamuziki alizichagua kwa ukucha.

Basi niseme nini? Bendi nzuri sana. Ziara mbaya. Au ziara nzuri iliyokabidhiwa mikono mibaya, kama mnataka niwe mpole, na leo sitaki. Sikuhurumii, kijana wa kofia nyekundu, hata kama jenereta haikuwa yako, kwa sababu kusema «Papa, umeme hautoshi, utuvumilie» kusingekugharimu hata faranga moja, na ningekuvumilia.

Watu wa Kolwezi, ambako bendi bado haijafika, kabla ya kutoa pesa waulizeni waandalizi kama jenereta ya sono itakuwa ya sono peke yake. Wakiwajibu vizuri, nendeni, simameni katikati ya ukumbi, si mbele wala mlangoni, kwa maana hapo ndipo spika za pande zote mbili zinakutana. Wakianza kuwaeleza habari za meza na vinywaji, bakini nyumbani. Ingawa, ukweli nauona hapa ninapoandika, kwa ajili ya ile nusu saa mimi ningekwenda tu.