Uzoefu wangu: WordPress kwenye seva ya GB 1 usiku wa kuandama mwezi

Ninachokitathmini hapa ni seva pepe ya kukodi ya daraja la chini: RAM GB 1, kiini kimoja cha prosesa, diski GB 25. Ndani yake kuna Debian 12 (mfumo endeshi), Nginx (inayopokea maombi ya wasomaji), PHP-FPM (inayoendesha msimbo wa PHP) na MariaDB (hifadhidata), kisha WordPress. Wasomaji wake wengi wako Unguja na Pemba na wanasoma kwa simu. Seva za ukubwa huu hukodishwa kwa kama dola 5 au 6 kwa mwezi. Kampuni siitaji. Kwa bei hii zinakaribiana, na kinacholeta tofauti ni jinsi utakavyoipanga.

Kwa tovuti ya visiwani, hesabu ya wasomaji wa mwezi mzima haikusaidii kuchagua seva, kwani watu huja kwa mkupuo. Mwezi 29 Shaabani, Magharibi ikishaswaliwa, kila mtu anatafuta khabari kama mwezi umeandama. Siku ya matokeo ya mitihani ya skuli ni hivyo hivyo, na Januari kuna Kombe la Mapinduzi. Seva iliyolala mchana kutwa inatakiwa ihudumie umati kwa nusu saa, halafu irudi kulala. Ukikodi seva kubwa kwa ajili ya nusu saa hiyo, unailipia mwezi mzima.

Ukiiacha kama ilivyokuja, GB 1 haifiki mbali. Kila ukurasa unaotengenezwa na WordPress unashika mchakato mmoja wa PHP, na mchakato huo hula kama MB 50 hadi 80, kutegemea programu-jalizi ulizoweka. Debian inaleta pm.max_children (kikomo cha michakato ya PHP kwa wakati mmoja) ikiwa 5. Wa sita na kuendelea wanapanga foleni, na baada ya sekunde 60 Nginx inawarudishia kosa la 504 (jibu limechelewa). Hapo wengi hukimbilia kupandisha hadi 20. Piga hesabu: 20 mara MB 70 ni GB 1.4, na seva ina GB 1. RAM ikijaa, kerneli (moyo wa mfumo endeshi) inatafuta wa kumuua na mara nyingi humkuta MariaDB, kwa hiyo msomaji anaambiwa hifadhidata haipatikani. Ukitaka ushahidi, andika dmesg (amri ya kusoma ujumbe wa kerneli) kisha utafute "Killed process". Mimi nimeiacha 5. Nimeongeza swapu (sehemu ya diski inayotumika kama RAM) ya GB 2, na vm.swappiness 10 ili isitumike ovyo, lakini hiyo ni tairi ya akiba tu. Tovuti inayoishi kwenye swapu inatambaa.

Dawa yenyewe ni keshi ya Nginx, ile ya fastcgi_cache. Ukurasa ukishatengenezwa mara moja unawekwa diskini, na wanaofuata wanapewa nakala bila PHP wala MariaDB kuguswa. Nimeipa uhai wa sekunde 60 tu. Watu hudhani ni kidogo, lakini kwa maombi 600 ya ukurasa mmoja ndani ya dakika moja, moja ndilo linalofika kwenye PHP. Na kwa kuwa ni dakika moja, sihitaji programu-jalizi ya kufuta keshi kila nikichapisha. Washa na fastcgi_cache_lock, ili ukurasa ambao bado haumo kwenye keshi wasikimbilie watu 50 kwa pamoja kuutengeneza. Na fastcgi_cache_use_stale ikiwa na updating, error na timeout, ili nakala ikiisha muda na mpya ikiwa inatengenezwa, au PHP ikizidiwa, msomaji apewe nakala ya zamani kuliko kusubiri au kupewa kosa. Walioingia kwa nywila, maombi ya POST (yanayotuma data, kama fomu) na wenye kuki ya wordpress_logged_in wote wapite pembeni ya keshi, la sivyo utakuja kumwonyesha mgeni upau wa msimamizi.

Sasa, mtego ulionifanya niandike tathmini hii. Keshi inaweza kuwa imewashwa, ukiijaribu mwenyewe inajibu HIT (yaani nakala imetoka kwenye keshi), na bado seva ikaanguka siku ya mkupuo. Sababu ni Facebook. Kila anayebonyeza kiungo kutoka huko anaongezewa fbclid (alama ya Facebook ya kufuatilia mbonyezo) mwishoni mwa anwani, na kila mbonyezo una fbclid yake. Ufunguo wa keshi, yaani jina ambalo Nginx huitambulia nakala, unaopendekezwa karibu kila mahali una $request_uri, ambayo inabeba anwani nzima pamoja na mkia huo. Kwa Nginx basi, watu 500 wameomba kurasa 500 tofauti, na zote zinakwenda kwa PHP. Usijaribu kutibu kwa kuweka $uri badala yake: WordPress hupitisha kila kitu kwenye /index.php, kwa hiyo ufunguo wa kurasa zote unakuwa mmoja na anayeomba khabari ya mwezi anapewa ukurasa wa mawasiliano. Kinachofanya kazi ni mistari hii kwenye sehemu ya http ya mipangilio ya Nginx:

map $request_uri $ufunguo {
  default $request_uri;
  "~^(?<njia>[^?]*)\?fbclid=" $njia;
}

Kisha fastcgi_cache_key iwe "$scheme$request_method$host$ufunguo". Ongeza add_header X-Keshi $upstream_cache_status, halafu jaribu kwa curl -I (amri ya kuomba vichwa vya ukurasa) ukibandika fbclid mbili za uongo. Ya pili isipojibu HIT, tazama kama kuna Set-Cookie kwenye majibu. Programu-jalizi moja tu inayoanzisha sesheni ya PHP inatosha kuizuia Nginx isihifadhi chochote, na zile za fomu za mawasiliano ndizo za kuanza kuzishuku.

Jambo jingine ambalo miongozo ya ughaibuni haikwambii: mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya IP. Ukiweka limit_req (kikomo cha maombi kwa kila IP) kwa tovuti nzima, unaweza kuwafungia wasomaji wa Darajani na Chake Chake kwa pamoja ukidhani umemkamata mshambuliaji. Mimi nimeiweka kwenye wp-login.php peke yake, na xmlrpc.php (mlango wa kuiendesha WordPress kutoka mbali) nimeifunga kabisa.

Picha hazihitaji maelezo mengi. Picha ya simu ina MB 4. Ikifunguliwa mara 5,000 ni GB 20 za mgao wako wa data, na bando la msomaji linateketea. Punguza iwe upana wa pikseli 1200, WebP ya ubora 75. Na kwenye wp-config.php weka DISABLE_WP_CRON iwe true, kisha kazi za ratiba za WordPress zipe crontab (kipanga ratiba cha seva) kila dakika 10, maana zisipohamishwa hutegemea wageni kuzianzisha.

Kuna wanaouliza kwa nini wasiweke kompyuta nyumbani wakaokoa hizo dola. Laini nyingi za nyumbani ziko nyuma ya IP ya pamoja kama simu, kwa hiyo mgeni hana njia ya kuingia. Umeme nao tunaupata kwa waya wa baharini kutoka bara, na wa Unguja ulipoharibika Desemba 2009 kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010. Tena hewa ya chumvi inakula vifaa kimya kimya.

Seva ya nje ina udhaifu wake pia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu, tovuti nyingi zilizo nje zilikuwa nzito au hazifunguki kabisa kutoka Tanzania, na seva zenyewe zilikuwa nzima. Kabla ya kuwasha upya chochote, mwombe mtu aliye nje ya nchi aifungue tovuti yako.

Kwa khabari, makala na ratiba, GB 1 iliyopangwa hivi naipa nyota nne kati ya tano. Kwa duka lenye kikapu siipendekezi: kila mnunuzi ana kuki yake, keshi haimhusu, na unarudi kwenye michakato mitano ya PHP. Huko anza na GB 4.