Kidevu cha plastiki cha pikapu yangu: majira mawili ya baridi Iowa

Nimekulia Iringa, nyumba ya mwisho kwenye njia ya udongo ambayo masika ikifika hata trekta linafikiria mara mbili. Baba mdogo alikuwa na Hilux, na chini ya bampa yake hakukuwa na kingine zaidi ya bamba la chuma la kukinga sampo. Basi nilipopata pikapu ya Kimarekani hapa Des Moines, ya mtumba, inayovuta magurudumu yote manne, nikajua habari ya kukwangua chini nimeachana nayo. Jina la kampuni nalihifadhi. Muuzaji hakunionyesha kilichoko chini ya bampa, nami sikuinama.

Chini ya bampa ya mbele inaning'inia plastiki nyeusi, karibu upana wote wa gari. Ni kizuia upepo, ila mimi naiita kidevu. Jirani yangu, mzee wa Uvira kule Kongo, aliitazama siku ya kwanza akasema, "Ndugu, motokari yako imevaa jipo." Nikasikia jipu, nikaanza kukagua tairi. Kumbe anasema sketi.

Desemba ndiyo iliyonifundisha. Hapa greda la theluji likipita barabarani usiku, linaacha tuta mbele ya mlango wa kila nyumba, na kufikia alfajiri tuta limeganda kama zege. Niko mbioni kwenda zamu, nikalipitia taratibu kabisa. Ikalia "kwaa!" Kwenye baridi ile plastiki haipindi, inapasuka. Nilishuka nikaokota kipande cha urefu wa mkono.

Jumamosi nikachukua futi kamba. Kidevu: inchi 8 kutoka ardhini. Difu ya nyuma, ambayo ndiyo sehemu ya chini kuliko zote kwa mujibu wa kitabu cha gari: inchi 8 na nusu. Nusu inchi tu! Lakini difu imekaa katikati ya magurudumu, na gurudumu likipanda tuta, difu nayo inapanda. Kidevu kiko mbele ya gurudumu. Kinafika kwenye tuta kabla ya kitu chochote kukiinua, na ukikanyaga breki pua inainama, kinashuka zaidi. Kwa hiyo ile namba ya kimo kutoka ardhini wanayoandika kwenye matangazo haikusaidii sana. Uliza pembe ya mbele, kutoka tairi hadi kitu cha kwanza kinachoning'inia.

Nisikidhulumu, kazi kinayo. Hewa inayoingia chini ya pikapu inagongana na ekseli, shafti na fremu, na kadiri unavyokimbia ndivyo inavyokurudisha nyuma. Kidevu kinaisukuma pembeni, na nyuma yake kunabaki mgandamizo mdogo unaosaidia kuvuta hewa ipite kwenye rejeta. Viwanda vya Marekani vilibanwa kwa miaka mingi na sheria ya matumizi ya mafuta iliyopitishwa 1975, mpaka faini zake zikafutwa 2025, ndiyo maana hata nusu maili kwa galoni walikuwa wanaipigania. Ram 1500 ya 2019 na kuendelea wamefanya jambo la akili: ipo inayojishusha yenyewe inchi 2.5 ukipita maili 35 kwa saa, mjini inabaki juu. Yangu imeganda pale pale, kama ya kwenda kwenye maonyesho.

Nikaking'oa. Boliti kumi na mbili, dakika kama 25, nimelala juu ya boksi lililofunuliwa, vidole havina hisia. Tangu hapo matuta nayapita bila kushika roho. Mafuta: kwenye barabara kuu ya I-80 nilizoea maili 19.8 kwa galoni, zikashuka kwenye 19.2 hivi. Upepo wa Iowa nao una maneno yake, kwa hiyo hesabu hiyo siiapii.

Julai ndipo niliposita. Tulikuwa tunahamisha familia moja kwenda Omaha, trela limejaa makochi na friji, jua kali, na mshale wa joto ukapanda kidogo juu ya mahali ulipozoea kukaa. Haukufika pabaya. Ila nilizima kiyoyozi, na mama watoto hakunisemesha mpaka tunavuka mto Missouri.

Tuliporudi nikaagiza kidevu kifupi cha mpira, dola 70. Kinashuka inchi 3 chini ya bampa, kile cha kiwandani kilikuwa inchi 6 kasoro. Kimemaliza majira yote ya baridi ya pili: kikigusa tuta kinalala, kisha kinainuka, kina mikwaruzo tu. Mshale umerudi chini hata nikiwa na trela. Mafuta sioni tofauti ya maana.

Cha kiwandani nakipa nyota mbili, kwa ajili ya wale ambao gari lao halitoki kwenye lami. Cha mpira nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu nikifika maili 70 kinaanza kupigapiga kama turubai la lori. Nimeongeza boliti mbili, bado kinapiga.