Heliamu au zenoni: ipi ifuatwe chini ya bahari?

Haidreti ya methani, inayopatikana chini ya bahari, ni barafu ya vizimba vinavyoshika gesi. Katika umbo lake la kawaida, molekuli 46 za maji hujenga vizimba 8, viwili vidogo na sita vikubwa, na gesi hukaa humo. Gesi adimu, yaani zile kama heliamu, neoni na zenoni, nazo huingia, ila si zote kwa usawa.

Heliamu ni ndogo mno, haiwezi kukizuia kizimba kisibomoke. Haidreti inapojijenga, heliamu na neoni huachwa nje. Faida yake iko kwingine: uwiano wa heliamu-3 kwa heliamu-4, aina mbili za heliamu zenye uzito tofauti, hutaja chimbuko la gesi. Inayotoka kwenye migongo ya katikati ya bahari, safu za milima zilizo chini ya maji, ina uwiano wa takriban mara 8 ya ule wa hewani, na ile ya miamba ya ganda la dunia imejaa heliamu-4 iliyozaliwa na urani na thori.

Zenoni ni mgeni anayependwa. Kwenye nyuzijoto 0, methani hudai mgandamizo wa angahewa 26 hivi ili igeuke haidreti. Zenoni hutosheka na moja na nusu tu. Ndiyo maana sampuli za Hydrate Ridge, nje ya pwani ya Oregon, Marekani, zilionyesha gesi adimu nzito zimejilimbikiza na nyepesi zimepungua.

Kwangu mimi, anayetaka kujua kama haidreti ilikuwepo aanze na zenoni. Lakini apandishe sampuli ndani ya chombo kinachohifadhi mgandamizo. Vinginevyo kipande huchemka na kutoa mapovu njiani, na ushahidi huenda nayo.