Klabu ya ndege Uingereza: saa wanakuuzia, sahihi ujitafutie (nyota 3)

Nyinyi watu wa Kisumu mnaoniuliza kila siku kuhusu ile klabu nilikuwa narukia ndege nikiwa kazi Uingereza, jina sitaji, lakini rivyu ndio hii.

Mazuri kwanza juu si mengi. Cessna 152 zao zinatunzwa vizuri na instrakta ni mpole, hakupigii kelele hata ukitua kama gunia la omena limeangushwa kutoka kwa lori. Chai yao wacha tu.

Sasa shida. Ilikuwa 2019, retingi yangu ya ndege ya injini moja, yaani kile kibali ndani ya leseni cha kurusha aina hiyo ya ndege, ilikuwa inakaribia kuisha (ilikuwa ya miaka 2), nikaenda kaunta nikasema nataka kuongeza muda, wakaniambia lipia saa moja na instrakta, basi. Nikalipa, tukaruka, akasaini logibuku, lile daftari la kuandika safari zangu za ndege, tukaagana, mimi huyo nikaja nyumbani likizo nikijua nimemaliza.

Siku ya tatu tuko Dunga na binamu wangu, tunakula ngege, akasema nimwonyeshe hiyo leseni ya kurusha ndege aione na macho yake. Huyu jamaa ni wa mikopo kwa sacco, akishika karatasi yoyote anatafuta sahihi kabla hata ya kusoma jina. Akafika ukurasa wa tarehe za retingi, akaweka kidole chenye mchuzi hapo kwa laini ya mwisho: "Omera, mbona hapa ni peupe? Hii ni kama fomu ya loni haina garanta." Kucheki, zimebaki siku 16 retingi iishe. Ngege ikaisha utamu hapo hapo.

Nikawatumia klabu WhatsApp. Jibu: aah, instrakta wetu hasaini leseni, anayesaini ni mtahini na yeye huja Jumamosi. Sasa si mngeniambia siku nilikuwa nimesimama hapo na kadi mkononi?

Nikaanza kusoma sheria usiku na bando za simu. Wakati huo Uingereza ilikuwa bado inatumia sheria za Ulaya, na kwa retingi kama yangu, kama haijaisha, hakuna testi, unahitaji tu kwa ile miezi 12 ya mwisho uwe umeruka saa 12, kati ya hizo 6 wewe ndiye kapteni, kuruka mara 12 na kutua mara 12, pamoja na mafunzo ya saa moja na instrakta. Mtahini anaangalia logibuku anasaini. Instrakta pia anaweza kusaini akimaliza hiyo saa na wewe, LAKINI lazima mamlaka ya anga iwe imempa hiyo ruhusa hasa, si kila instrakta anayo, na huyu wangu hakuwa nayo. Ikishaisha hata kwa siku moja hiyo sasa ni kufufua, si kuongeza muda, na huko saa zako 12 hazikusaidii, lazima ufanyiwe testi na mtahini kwa ndege, na pesa yako. Ni kama driving tu, anayekufunza barabarani si yeye anakupasisha, huyo ni mtu wa NTSA.

Wenye ile leseni ndogo ya ndege nyepesi, LAPL, hawakuwa na hii presha kwa upande wa sahihi, yao haikuwa na tarehe ya kusainiwa, pailoti mwenyewe ndio anajihesabia kama ametimiza. Na kama yako ni ya Kenya usinishike na haya, ya Kenya ni mambo ya KCAA, mamlaka ya anga ya huku.

Likizo nikaikata na wiki moja, mama akanuna mpaka airport. Kule sikungoja Jumamosi ya mtu, nilipata mtahini mzee wa kiwanja kingine, akanikaribisha jikoni kwake, akapitia logibuku mstari kwa mstari na penseli, anajumlisha kando kwa bahasha ya bili ya stima. Saa za kapteni zilitoka 6 na dakika 10. Akaniangalia juu ya miwani, hakusema kitu. Akasaini, akaandika namba yake na tarehe mpya ya miaka 2 kuanzia ile ya zamani, si kuanzia siku hiyo, na hakutaka hata senti. Huyo nyota 5.

Klabu, 3. Mkienda, ulizeni kaunta kabla hamjatoa kadi: huyu anayeruka na mimi leo, leseni atasaini ama hatasaini?