Berlin au Leipzig kwa msanii wa chapa, yaani mchapaji wa picha, anayetafuta ukaazi (kuishi na kufanya kazi kwa muda katika programu ya wasanii)?

Miji yote miwili inakupa studio. Tofauti ipo kwenye mlango wa kuingilia. Künstlerhaus Bethanien, nyumba ya ukaazi wa wasanii ya Berlin, hupokea wageni wengi kupitia taasisi za nchi zao zinazolipia ukaazi. Usipokuwa na mfadhili, mlango ni mzito. Ila faida yake kwa mchapaji ni jirani: tangu nyumba hiyo ihamie Kottbusser Straße mwaka 2010, bado ni mwendo mfupi hadi hospitali ya zamani ya Bethanien, Mariannenplatz, iliko karakana ya chapa ya chama cha wasanii cha bbk. Kuna mashinikizo ya litografia (uchapaji wa jiwe), ya bamba la shaba na skrini. Unalipia matumizi, unachafuka wino.

Leipzig, programu ya ukaazi ya LIA iliyoanza 2007 imo ndani ya Spinnerei, kiwanda cha pamba cha 1884. (Kiwanda hicho kilimiliki mashamba ya pamba Afrika Mashariki ya Wajerumani; mimi nisingeweza kuchonga ubao pale bila kulifikiria.) Jiji lenyewe ni la vitabu na herufi za kuchapia za madini ya risasi, na lina jumba la makumbusho ya uchapaji ambalo mashine zake bado huzunguka.

Mwenye mfadhili, Berlin. Mchonga mbao za kuchapia, mimi ningemsukuma Leipzig.