Waya na breka za mashine ya kuchomelea kwenye gereji ya nyumbani: nimejaribu saizi tatu

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Mezani nina waya wa shaba wa aina tatu, wa 2.5, wa 4 na wa 6 (milimita za mraba, yaani unene wa shaba), na breka mbili za ampea 32. Kando yangu ni inveta ya kuchomelea ya ampea 160, inayotosha kabisa kwa kazi za nyumbani.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: mashine ni ya 160, je, nifunge breka ya 160? Usifanye hivyo hata siku moja! Hiyo 160 ni ampea zinazotoka kwenye koleo linaloshika fimbo ya kuchomelea, kwa volti 26 hivi. Kinachovutwa ukutani kimeandikwa kwenye kibati cha nyuma. Tazama hapa: I1max, ampea za juu kabisa inazovuta, ni 32; I1eff, ampea ukihesabu na muda wa kupoa, ni 16; na X, sehemu ya muda inayoweza kuchoma, ni asilimia 25. Maana yake, kwa nguvu zake zote mashine hii inachoma dakika mbili na nusu katika kila dakika 10, muda uliobaki inapoa. Chukua 0.25, tafuta kipeuo chake cha pili, unapata 0.5; zidisha kwa 32, unapata 16. Kwa upande wa joto, waya unaona kama umebeba ampea 16 mfululizo.

Hapo ndipo wengi husema basi 2.5 inatosha. Kwa joto peke yake, inaweza kutosha. Lakini gereji mara nyingi iko mbali na kisanduku cha breka. Waya wa 2.5 ukienda mita 25, mashine ikivuta ampea 32, unapoteza volti 12 njiani, na karibu wati 380 zinageuka joto ndani ya ukuta wako. Weka wa 6 kwenye njia ileile: zinapotea volti 5 tu. Tofauti niliisikia mkononi. Kwa 2.5, fimbo ya milimita 3.2 ilikuwa inanata kila nikiianzisha. Kwa 6 iliwaka mara moja, na moto wake ukatulia.

Sasa breka, na naomba hapa tusikilizane vizuri. Breka inalinda waya, hailindi mashine. Ikiruka ovyo, usikimbilie kuweka kubwa zaidi juu ya waya uleule, kwa sababu siku hiyo waya ndio utakaogeuka kuwa fyuzi, na uko ndani ya ukuta usioonekana. Angalia kwanza herufi iliyoandikwa kwenye breka kabla ya ampea zake. Hii ya B inakata papo hapo mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya ampea zake. Hii ya C, mara 5 hadi 10. Inveta ikiwashwa huvuta mkupuo mkubwa wa umeme kujaza kapasita zake, yaani vihifadhi umeme vya ndani, na hii ya B iliniruka mara mbili asubuhi moja. Ya C haijaruka hata mara moja. Ila C inadai ethi nzuri, yaani waya wa ardhini, maana bila hiyo hitilafu ikitokea mkondo hautafika kiwango cha kuikata haraka.

Mkiona video za Marekani, breka kubwa juu ya waya mwembamba, mjue kanuni zao zina kifungu maalumu, cha 630, kwa laini inayotumiwa na mashine ya kuchomelea peke yake. Sipendi kuiga hilo nyumbani: kesho mtu atachomeka kitu kingine pale pale.

Kwa hiyo chaguo langu ni waya wa 6 na C32, laini ya peke yake, na soketi ya viwandani ya ampea 32. Kama kisanduku kiko jirani na unachomea fimbo za milimita 2.5 tu, waya wa 4 na C25 unafaa. Ekstensheni nayo ikunjue yote. Ikibaki imeviringwa inajipikia joto lake yenyewe.

Kabla ya kufunga, zima meni swichi, hakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, na kama hujawahi kufungua kisanduku, mwite fundi umeme. Ukishachomea dakika 10, zima, chomoa plagi, uishike. Ikiwa ya moto kuliko kebo yake, kuna skrubu imelegea ndani.